Namna ya Kusoma Maisha ya Mshambuliaji

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo dogo kwa ajili ya kurasa za Kiswahili, somo litakalowafaa vijana walio darasani sasa na sisi tuliokwisha kutoka. Nimechagua mpira wa miguu. Najua yuko mwalimu mmoja au wawili watakaokunja uso wakisema kwamba mpira ni wa kiwanjani, si wa kitabuni. Nawaomba wanivumilie. Mtu akijua kusoma maisha ya mchezaji vizuri, atajua pia kusoma maisha ya mfalme, ya fundi na ya jirani yake.

Wakati wa likizo vijana hunitembelea hapa Kiyovu ninakokaa, na swali lao ni lile lile: "Mwalimu, mshambuliaji mkubwa kuliko wote ni nani?" Kabla sijajibu, wao wenyewe huanza kutaja hesabu. Huyu ana mabao mia tatu, yule ana mia tano, basi yule ni mkubwa. Hesabu ni nzuri, nami siidharau. Lakini mfanyabiashara wa maharagwe hahesabu punje, huyatia katika mizani. Mabao nayo huhesabiwa, na tena hupimwa. Kuhesabu kila mtu anaweza, bali kupima kwataka mafunzo, na hayo ndiyo somo letu la leo.

Mtaa wetu wa Kiyovu una haki ya kusema juu ya mpira. Jina lake limechukuliwa na timu ya Kiyovu Sports, iliyoanzishwa mwaka 1964, miaka miwili tu baada ya Rwanda kupata uhuru, nayo huvaa kijani na nyeupe. Kwa Kinyarwanda mshambuliaji huitwa rutahizamu. Zamani katika Kiswahili tulimwita senta fowadi. Jina lo lote utakalompa, kazi yake ni moja: kusimama karibu na goli la adui na kuutia mpira ndani.

Nitawapa maswali matatu ya kupimia maisha ya mtu wa namna hiyo. La kwanza, bao lake lilibadili nini? La pili, ni nani waliomletea mpira? La tatu, alipoacha kucheza, ilikuwaje? Nitayajaribu maswali haya kwa watu watatu: Jimmy Gatete wa Rwanda, Denis Law wa Uskochi, na Ndaye Mulamba wa Kongo, ambayo wakati wake iliitwa Zaire.

SWALI LA KWANZA: BAO LILIBADILI NINI?

Jimmy Gatete alizaliwa Bujumbura mwaka 1979. Alichezea Mukura, timu ya Butare, kisha APR ya Kigali, na baadaye alivuka mpaka akacheza Afrika ya Kusini katika timu ya Maritzburg United. Mwaka 2002 Rwanda ilipangwa pamoja na Ghana na Uganda kutafuta nafasi ya kwenda Tunisia, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2004. Mshindi wa kundi ndiye angekwenda. Ghana ilikuwa imekwisha kulitwaa kombe hilo mara nne. Rwanda haikuwa imefika huko hata mara moja.

Mchezo wa kwanza, huko Accra, Rwanda ilifungwa mabao 4 kwa 2. Mwezi wa Machi mwaka 2003 ilitoka sare na Uganda hapa Kigali, bila bao. Michezo miwili, pointi moja! Watu wengi walikwisha kukata tamaa.

Tarehe 7 Juni 2003 Amavubi, yaani Nyigu, ndilo jina la timu yetu ya taifa, walikwenda Kampala, uwanja wa Namboole. Mchezo ulisimama kwa muda mrefu kwa sababu ya ugomvi uliozuka karibu na goli la Rwanda. Wachezaji wa Uganda walidai kwamba mmewekwa uchawi ndani ya goli, na maneno yakageuka kuwa ngumi. Gatete aliumia kichwani, akafungwa bandeji, akarudi kiwanjani, akafunga. Uganda 0, Rwanda 1. Mimi niliusikiliza mchezo ule redioni pamoja na watu wengi tusiojuana, na mwisho wake tulikuwa tumekwisha kujuana.

Tarehe 6 Julai Ghana walikuja Kigali, katika uwanja wa Amahoro. Mfungaji alikuwa Gatete tena, na mara hii pia bao lilikuwa moja tu. Rwanda 1, Ghana 0.

Sasa chukueni kalamu, tupime. Mwisho wa yote Rwanda ilikuwa na pointi 7, Uganda 5, Ghana 4. Tuseme Gatete hakufunga mabao yale mawili, na michezo yote miwili ikaisha sare bila bao. Rwanda ingekuwa na pointi 3, Ghana 5, na Uganda 6. Uganda ingekwenda Tunisia, na sisi tungekuwa wa mwisho. Tuseme alifunga lile la Kigali tu, wala si la Kampala: Rwanda 5, Uganda 6, na bado Uganda ingekwenda. Tuseme alifunga lile la Kampala tu: timu zote tatu zingekuwa na pointi 5, na wakubwa wa mpira wangeketi mezani kutafuta kanuni ya kuzitenganisha. Kwa hiyo hakuna bao hata moja kati ya yale mawili lililokuwa la ziada. Yalihitajiwa yote mawili, kila moja kwa siku yake.

Tena yako mambo ambayo pointi haziwezi kuyaonyesha. Amahoro maana yake ni amani. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu ya watu walikimbilia ndani ya uwanja ule kuokoa maisha yao, chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Miaka tisa baadaye watu walijaa mahali pale pale, safari hii ili waone mchezo, na wakatoka wakiimba. Sisemi kwamba bao huponya msiba kama ule. Halikumponya mtu. Lakini nchi ambayo jina lake lilikuwa likitajwa duniani kwa habari za vifo tu, siku ile ilitajwa kwa habari ya furaha. Uzito huo nao uko katika mizani.

Sasa twende Ulaya tukamwone Denis Law. Alizaliwa Aberdeen, mji wa pwani ya Uskochi, mwaka 1940, kitinda mimba wa watoto saba wa mvuvi. Alikuwa na makengeza hata akicheza alizoea kufumba jicho moja, mpaka alipofanyiwa operesheni. Akiwa na umri wa miaka 15 alichukuliwa na timu ya Huddersfield Town. Alipofika miaka 18 aliichezea Uskochi kwa mara ya kwanza, akafunga. Akazichezea Manchester City, Torino ya Italia, na Manchester United, na mwaka 1964 akapewa Mpira wa Dhahabu wa mchezaji bora wa Ulaya. Hakuna Mskochi mwingine aliyeupata. Kwa nchi yake alifunga mabao 30 katika michezo 55, na kwa Manchester United mabao 237 katika michezo 404. Wapenda hesabu wamefurahi, sivyo?

Lakini sikilizeni mambo mawili. Mwezi wa Januari mwaka 1961, Manchester City walicheza na Luton Town katika Kombe la Uingereza. Luton walitangulia kwa mabao mawili. Kisha Law peke yake akafunga sita. Mvua ikanyesha, kiwanja kikawa tope, mwamuzi akauvunja mchezo kabla ya wakati wake. Mchezo ukarudiwa siku nyingine, Law akafunga moja, na timu yake ikashindwa mabao 3 kwa 1. Yale sita yakafutwa daftarini kana kwamba hayakufungwa. Mabao sita, uzito wake hakuna!

La pili ni la tarehe 27 Aprili 1974. Law alikuwa amerudi Manchester City baada ya Manchester United kumwachia aende. Siku hiyo City walicheza na United, katika uwanja ule ule wa Old Trafford alikokuwa akiitwa Mfalme, na United walikuwa katika hatari ya kushuka daraja. Mpira ukamfikia akiwa amelipa goli mgongo, akaupiga kwa kisigino, ukaingia. Hakushangilia. Wenzake walimkumbatia naye amesimama kama mtu aliyepokea habari za msiba, kisha akatolewa kiwanjani. United walishuka. Kwa kweli wangeshuka hata bila bao lile, kwa jinsi timu nyingine zilivyomaliza siku ile. Basi bao ambalo watu wanalikumbuka kuliko yote halikubadili cho chote, na mwenyewe hakulipenda.

Mwaona basi. Sita hayakuwa na uzito, moja lilikuwa na uzito wa huzuni tu, na mawili ya Gatete yaliipeleka nchi nzima Tunisia. Anayehesabu hawezi kuyaona haya.

SWALI LA PILI: NI NANI WALIOMLETEA MPIRA?

Mshambuliaji huvuna, lakini shamba wamelima wengi. Waskochi waliyajua haya mapema kuliko wengine. Mchezo wa kwanza wa kimataifa ulichezwa Glasgow tarehe 30 Novemba 1872, Uskochi na Uingereza, na haukuwa na bao. Waingereza wa siku zile walikuwa na desturi ya kukimbia na mpira, kila mtu na wake, mpaka aupoteze. Waskochi walianza kupeana. Mtu mwenye mpira akizuiwa, mwenzake yuko tayari kuupokea. Mchezo wa pasi tunaouona leo kila mahali, hata katika viwanja vya udongo vya Nyamirambo, uliota mizizi kwao.

Katika timu ile ya Rwanda Gatete hakuwa peke yake. Alikuwako nahodha Désiré Mbonabucya, aliyekuwa akicheza Ubelgiji. Alikuwako Olivier Karekezi, ambaye baadaye alicheza Uswidi. Alikuwako beki Hamad Ndikumana, tuliyemwita Katauti, aliyefariki dunia mwaka 2017. Mwalimu wao alikuwa Ratomir Dujković, mtu wa Serbia. Baadaye Ghana ile ile aliyoifunga ilimchukua, naye akaipeleka kwenye Kombe la Dunia la mwaka 2006, mara ya kwanza katika historia yake.

Tena angalieni yaliyotokea Tunisia. Mchezo wa kwanza Rwanda ilifungwa na wenyeji mabao 2 kwa 1, na hao wenyeji ndio waliolitwaa kombe mwishoni. Bao la Rwanda lilifungwa na João Elias. Mchezo wa pili ulikuwa sare ya 1 kwa 1 na Guinea, bao la Karim Kamanzi katika dakika za mwisho kabisa. Mchezo wa tatu Rwanda iliishinda Kongo 1 kwa 0, bao la Said Abed Makasi. Pointi nne, nafasi ya tatu katika kundi, na safari ya kurudi nyumbani bila aibu. Jina la Gatete halimo katika wafungaji wa Tunisia. Aliwafungulia wenzake mlango, wakaingia, wakafunga wao. Naye asiyeelewa hayo atauliza, "Mbona Tunisia hakufunga?" Sisi tuliojifunza kupima tutajibu, "Bila yeye wasingekuwako."

SWALI LA TATU: ALIPOACHA, ILIKUWAJE?

Swali hili vijana hawaniulizi kamwe, nami naliona kubwa kuliko yale mawili.

Tarehe 14 Juni 1974, katika mji wa Dortmund, Uskochi ilicheza na Zaire katika Kombe la Dunia. Kwa Zaire ulikuwa mchezo wa kwanza kabisa wa mashindano hayo, tena kwa nchi yo yote ya Afrika iliyo kusini ya Sahara. Uskochi ilishinda mabao 2 kwa 0. Upande mmoja alikuwako Denis Law, mwenye umri wa miaka 34. Hakufunga, na ule ndio uliokuwa mchezo wake wa mwisho kwa nchi yake. Kiangazi kile kile akaacha mpira. Upande wa pili alikuwako Ndaye Mulamba, mwenye umri wa miaka 25, katika nguvu zake zote.

Miezi mitatu tu kabla ya siku ile, Ndaye alikuwa amefunga mabao 9 katika Kombe la Mataifa ya Afrika huko Misri. Katika fainali na Zambia alifunga mawili, mchezo ukawa sare ya 2 kwa 2. Ukarudiwa, akafunga mawili tena, Zaire ikatwaa kombe. Hakuna mtu aliyefunga mabao mengi hivyo katika mashindano mamoja ya Kombe la Mataifa. Lakini huko Ujerumani, katika mchezo wa pili, na Yugoslavia, mwenzake alimpiga mwamuzi teke, na mwamuzi akamtoa Ndaye badala ya mkosaji. Zaire ikafungwa mabao 9.

Sasa tuwafuate wote wawili baada ya mpira. Law alipata kazi ya kusema juu ya mpira katika redio na televisheni. Sanamu zake zilisimamishwa. Uzee ulipomletea ugonjwa wa kusahau, mwaka 2021 alitangaza mwenyewe hadharani, bila kuona haya, ili wengine wenye ugonjwa huo wasijifiche. Alifariki tarehe 17 Januari 2025, mwenye miaka 84, na watu wa Manchester na wa Uskochi wakamlilia pamoja.

Ndaye je? Mwaka 1994 aliitwa Tunisia kupewa heshima kwa yale mabao yake. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimvamia wakidhani amepata fedha nyingi, wakampiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika ya Kusini, akaishi Cape Town maisha ya dhiki, akifanya kazi ya kuangalia magari ya watu. Mwaka 1998, katika Kombe la Mataifa huko Burkina Faso, watazamaji waliombwa kusimama kimya dakika nzima kumkumbuka marehemu Ndaye Mulamba. Naye alikuwa hai! Alikufa mwaka 2019, miaka ishirini na zaidi baada ya kuombolezwa.

Nawauliza, wasomaji wapenzi: watu wale waliosimama kimya walikosa nini? Heshima waliiweka, machozi pengine waliyatoa. Walilokosa ni mtu mmoja wa kuuliza, "Yuko wapi sasa?" Mabao yake tisa walikuwa wameyahesabu sawasawa. Mfungaji mwenyewe ndiye waliyempoteza.

Jimmy Gatete alipoacha mpira aliondoka nchini, akaenda kukaa Marekani, na kwa miaka mingi wengi wetu hatukumwona. Mwaka 2022 alikuja Kigali pamoja na wachezaji wengine wa zamani wa Afrika, na watu wazima walimkimbilia kama watoto. Nilifurahi sana kuyasoma hayo. Lakini nilisikitika pia kuona vijana waliosimama kando wakiuliza, "Yule ni nani?" Kosa si lao. Walikuwa hawajazaliwa, nasi hatukuwaambia. Tangu mwaka 2004 mpaka mashindano ya mwaka 2025, Rwanda haikufuzu tena kwenda Kombe la Mataifa. Uwanja wa Amahoro umejengwa upya, ukafunguliwa tarehe 1 Julai 2024 na viti 45,000. Nani atawaambia watakaokaa katika viti hivyo jambo lililofanyika pale?

Kwa hiyo nina neno kwa pande zote mbili. Wanafunzi, mkitaka kumjua mshambuliaji, msiishie kwenye hesabu. Ulizeni siku gani, na nani, na baadaye ilikuwaje. Na ye yote kati yenu mwenye miguu mizuri akumbuke kwamba miguu huchoka mtu akiwa na miaka thelathini na kitu, nayo maisha yanaendelea. Kazi ya pili ianze kusomewa wakati ya kwanza ingali inashangiliwa.

Wenzangu mliomaliza shule, ninyi mliokuwa Amahoro siku ile, au mliokuwa Namboole, andikeni. Kurasa mbili zatosha. Mleteeni mhariri wakati wachezaji wale wangali hai, ili mkikosea waweze kutusahihisha wenyewe. Asiyeweza kuandika amwite kijana wa jirani, amsimulie, kijana aandike.

ZOEZI

1. Chora msimamo wa kundi la Rwanda, Uganda na Ghana kama ulivyokuwa mwisho. Kisha uuchore tena bila bao la Kampala, na tena bila bao la Kigali. Eleza kwa maneno yako kila bao lilibadili nini.

2. Mabao sita ya Law yaliyofutwa kwa mvua, je, yalifungwa au hayakufungwa? Jadilini darasani, na kila upande utoe sababu zake.

3. Mtafute mchezaji mmoja wa zamani katika mtaa au kijiji chako. Si lazima awe mtu wa timu ya taifa. Mwulize maswali matatu ya somo hili, uandike majibu yake kama alivyosema, kisha umsomee kabla ya kuyaleta shuleni.